Haku ya Nne Takadanobaba

Nauli ya treni ya haraka kutoka uwanja wa ndege wa Narita hadi katikati ya Tokyo inapita yeni 3,000, na hapo hujanunua hata maji. Habari za mahekalu nawaachia wengine. Mimi nilifuata mahjong, mchezo wa kete wa watu wanne, na jioni moja huko Takadanobaba, mtaa wa wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Waseda, niliona mkono, yaani mkusanyiko wa kete za mchezaji, ambao wachezaji wengi hukaa miaka bila kuuona ukifungwa, sembuse ukifungwa kwa njia ile.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, ngazi nyembamba, lifti ya kubanana. Haukuwa wa kamari: unalipia kiti kwa saa, na bei ya kiti ilinichoma. Chai ilikuwa ya bure, nayo imepoa. Meza lakini ni raha tupu. Unasukuma kete zote 136 kwenye tundu la katikati, mashine inazichanganya kwa ndani, na papo hapo seti ya pili inapanda juu ikiwa imeshapangwa.

Tulikuwa wanne: mama wa makamo aliyekuwa oya (mgawaji), mzee mstaafu, mwanafunzi, na mimi. Kila mtu huanza na alama 25,000. Tulipofika mkono wenyewe, kijana alikuwa na 27,400, mzee 21,900, mama 30,900, mimi 19,800.

Mzee akaanza kwa kutupa 5 ya pin, mojawapo ya makundi matatu ya namba; mengine ni sou na man. Zamu ya pili, 4 ya sou. Ya tatu, 6 ya man. Hapo mama akaacha kuongea. Kwa kawaida mtu huanza kuziondoa pepo (kete za mashariki, kusini, magharibi na kaskazini), madragoni, na 1 na 9, kwa sababu hizo ni ngumu kuunganisha. Anayeanza kwa kutupa za katikati anakusanya kokushi musou: 1 na 9 za makundi yote matatu, pepo nne na madragoni matatu, aina 13, kisha mojawapo ijirudie. Huruhusiwi kudaka kete ya mwenzio njiani, ila ile ya kumalizia tu. Ni yakuman, mkono wa thamani ya juu kabisa, alama 32,000. Ukiwa oya, 48,000.

Zamu ya nane akatupa 9 ya sou. Anayekusanya kokushi hatupi 9 ila imemzidi, kwa hiyo jozi alikwisha kuipata. Kwa kutupa ile 9 alijifunga kidogo: kama angekuwa na aina zote 13, anasubiri yoyote kati yake, basi 9 ya sou ingekuwamo kwenye tupio lake mwenyewe, na sheria ya furiten ingemnyima haki ya kushinda kwa kete ya mtu mwingine. Angebaki kutegemea kuchota mwenyewe. Lakini akiwa amekosa aina moja tu, hiyo 9 haimdhuru.

Sasa dawa ya kokushi ni kuhesabu. Kila aina ina nakala nne. Ukiziona zote nne za aina anayoihitaji, mkono wake umekufa na unaweza kutupa utakacho. Nilizungusha macho mezani: kila aina kati ya zile 13 ilikuwa imeonekana walau mara moja, isipokuwa pepo ya kaskazini, ambayo nilikuwa na jozi yake, na haku, dragoni jeupe. Haku hata moja haikuwa mezani. Nikazishika kaskazini zangu na kutupa zile tu ambazo mzee amekwisha kuzitupa.

Kijana akatangaza riichi, yaani amebakiza kete moja tu kushinda, akaweka kijiti cha 1,000. Baadaye ndipo tulipoona kwa nini alijiamini: alikuwa na haku tatu mkononi. Ikabaki moja. Mzee akiichota, kijana atalipa sehemu yake, 8,000, na oya 16,000. Alidhani hasara kubwa zaidi ya hiyo haimfikii. Lakini ukishatangaza riichi mkono haubadiliki tena. Kila unachochota kisichokufunga unakitupa.

Akachota haku ya nne.

Aliishika muda mrefu. Akiitupa, 32,000 zimekwenda. Akabaki na kan, yaani kuzilaza kete nne zinazofanana kwa pamoja: haku zote nne, mbili za pembeni kifudifudi. Baada ya riichi unaruhusiwa kufanya hivyo mradi kete unazosubiri hazibadiliki, na kan ya kufichwa kwa kawaida hainyang'anywi.

"Ron," mzee akasema, yaani anashinda kwa kete hiyo.

Kokushi peke yake ndiyo inayoruhusiwa kunyang'anya kan ya kufichwa, na si kila nyumba inakubali. Mama akamwita mhudumu. Mhudumu akaonyesha karatasi ya sheria ukutani: hapa inakubalika. Katika nyumba isiyokubali, kan ile ingemwokoa kijana na kuiua kokushi papo hapo. Kwangu mimi kilichomponza ni riichi. Angenyamaza bila kuitangaza, angezificha haku zote nne hadi mwisho, na mzee angesubiri kete isiyokuja.

Hesabu: kijana kutoka 26,400 hadi hasi 5,600, mzee 54,900 pamoja na kijiti cha riichi. Aliyeshuka chini ya sifuri humaliza mchezo kwa wote, nami wa tatu bila kupoteza hata alama moja katika mkono huo.

Nilikumbuka dhumna za Jaws Corner, Zanzibar, ambako nako watu huhesabu, saba saba badala ya nne nne. Pale pigo kama hili lingezua zogo mpaka kahawa ipoe. Hapa kijana aliinamisha kichwa, akamwaga vijiti vyake vyote mezani, akauliza kama tunaendelea. Mhudumu akaupiga picha mkono wa mzee kwa ajili ya ukuta, kisha akatuandikia saa nyingine.

Mchezo uliofuata, zamu yake ya kwanza kabisa, kijana akakuta ana aina tisa kati ya zile 13 za kokushi. Kwa idadi hiyo, kama hakuna aliyedaka kete, unaweza kuomba mkono ufutwe. Tisa ni chache mno kuifukuzia kokushi. Kwa 10 au 11 ndipo watu huthubutu. Akazilaza zote, akaomba zichanganywe.

"Ungejaribu, kijana," mzee akamchokoza.

"Atajaribu," mama akadakia, "ukishakwenda kwako kulala."