Diski iliyoandikwa AKIBA

Jumatatu ile nilikuwa bado naegesha pikipiki nilipomwona mkuu wa maabara anakuja kwa ule mwendo wake nisioupenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Biokemia imekufa. Na inagonga."

Ilikuwa inagonga kweli. Ukitega sikio ubavuni mwa mashine hiyo ya biokemia, ile inayopima kemikali za damu, unasikia tik, tik, tik, kimya kidogo, halafu tena tik, tik, tik. Skrini nyeusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe unaosema hakuna diski ya kuwashia. Aliyewahi kuisikia sauti hiyo hana haja ya kuuliza: kichwa cha kusomea cha diski kinatafuta njia yake juu ya sahani inayozunguka humo ndani, hakiioni, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena.

Sikuogopa. Kabatini kwangu kulikuwa na diski ya akiba. Fundi aliyenitangulia kwenye hospitali hii ya hapa Kigoma aliiacha imefungwa kwenye nailoni, imebandikwa plasta nyeupe ya vidonda, na juu ya plasta ameandika kwa kalamu nene: AKIBA. Kwa miaka miwili kila nilipofungua kabati nikaiona, roho ilitulia. Nikalegeza skrubu nne, nikatoa ile inayogonga, nikachomeka hii. Mashine ikawaka, nembo ya Windows XP ikatokea, kale kamstari ka chini kakakimbia mara tatu, kisha skrini ikawa ya bluu tupu.

Nikampigia fundi mmoja Dar es Salaam anayezijua hizi mashine. Akaniuliza namba iliyoandikwa kwenye diski, akaniuliza na ya mashine. Kumbe ile diski ilikuwa nakala ya mashine nyingine, ya modeli hiyo hiyo lakini yenye bodi tofauti.

"Tangu uikute hapo umewahi kuiwasha?"

"Hapana."

"Basi huna akiba, kaka. Una chuma."

Alinikataza pia kuilazimisha iwake, na sababu yake ndiyo iliyonifungua macho. Mashine ya maabara haifanani na kompyuta ya ofisini, ambayo ukiweka Windows mpya maisha yanaendelea. Kwenye diski kuna programu ya mtengenezaji na leseni yake, sawa, lakini kuna pia tarakimu za mashine hiyo peke yake: mkono wa kunyonya sampuli ushuke hatua ngapi za mota, taa na vichujio vyake vimesomeka vipi siku ilipofungwa, joto la trei likisomeka hivi maana yake ni vile. Kuna watengenezaji wanaozihifadhi kwenye chipu ya bodi, na hao nawaombea heri. Wa kwetu waliziweka kwenye folda moja ndani ya diski. Ukiweka tarakimu za mashine ya jirani, mkono unashuka pembeni ya kikombe na kugonga ukingo. Hiyo ni afadhali, maana unaiona. Mbaya ni ile ambayo mkono unashuka vizuri na majibu yanatoka, ila si sahihi.

Kwa hiyo kazi ikawa moja: kukitoa kilichomo kwenye ile diski inayogonga kabla haijanyamaza kabisa. Nilipewa ushauri wa kila aina, ukiwemo wa kuifunga kwenye nailoni na kuilaza kwenye friza. Friza inaleta unyevu, na unyevu juu ya sahani ya diski ni kifo. Nilichofanya ni kuichomeka kwenye kompyuta ya pembeni inayowashwa kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye fleshi, nikatumia ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu. Ninachoipendea ni kwamba haina kiherehere. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, zile ngumu inaziruka, halafu inazirudia mwishoni, na muda wote inaandika kwenye faili dogo imefika wapi. Umeme ulikatika mara mbili na mara zote mbili iliendelea pale ilipoachia. Diski yenyewe ilikuwa ikiamka mara moja katika majaribio matatu, nami nimekaa kwenye stuli kama mtu anayevizia migebuka usiku. Gigabaiti 80 zilichukua siku moja na nusu. Kilichoshindikana kilikuwa chini ya megabaiti moja, na bahati yangu kiliangukia kwenye faili la maelekezo ya Windows ambalo hakuna anayelifungua.

Diski mpya niliipata Mwanga kwa fundi wa laptopu, gigabaiti 250, imetumika. Nikamimina nakala, nikaipachika, mashine ikawaka. Tulipitisha sampuli za kudhibiti ubora, zile ambazo majibu yake yanajulikana tayari, za kiwango cha chini na cha juu, mkuu wa maabara akasimama nyuma yangu amekunja mikono mpaka zote zikaingia ndani ya mipaka. Siku tatu sampuli zetu zilikuwa zikipelekwa kwenye maabara nyingine kwa bodaboda.

Wiki hiyo hiyo nilianza kupanga upya. Uamuzi wangu ulikuwa kwamba kila mashine yenye diski itakuwa na diski mbili, A na B, na hakuna itakayoitwa akiba. Zote mbili zinafanya kazi. Kila baada ya miezi mitatu zinapokezana: iliyokuwa ndani inatoka, iliyokuwa kabatini inaingia, tunapitisha sampuli za udhibiti, naandika kwenye daftari tarehe na namba za diski. Isiyowaka siku ya zamu, nimeijua siku ambayo mwenzake bado ni mzima. Zaidi ya hizo mbili kuna imeji ya kila mashine, yaani diski nzima iliyogeuzwa faili kwa programu ya Clonezilla, kwenye diski ya nje inayolala ofisini kwa mhasibu, jengo lingine kabisa.

Lebo niliziandika mara tatu mpaka zikatosha: jina la mashine, namba ya mashine, namba ya diski yenyewe, herufi, na tarehe ya mara ya mwisho kuwaka ndani ya mashine hiyo. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwanza.

Namba ya diski nayo niliongeza baada ya kuponea chupuchupu. Siku hiyo nilikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo, tunakloni, yaani tunanakili nzima nzima, diski A ya mashine ya FBP (ile ya kuhesabu chembe za damu) kwenda kwenye B iliyo tupu. Skrini inaorodhesha diski kwa majina ya Linux, sda na sdb, na mimi kwa kujiamini nikachagua chanzo na lengo, kidole kiko juu ya kitufe.

"Kaka, samahani," akasema, "hii sdb si ndiyo ile uliyoandika A?"

Nilikuwa karibu kumimina utupu juu ya diski nzima. Kompyuta ile iliwaka safari hii ikaipa diski ya kwanza jina la pili. Tangu siku hiyo sitazami sda wala sdb. Mmoja anasoma kwa sauti tarakimu nne za mwisho za namba ya diski kutoka kwenye lebo, mwingine anazitafuta kwenye skrini. Tukishakubaliana ndipo tunabonyeza. Nikiwa peke yangu sikloni. Na baada ya kukloni, A na B haziingii pamoja kwenye kompyuta ya Windows, kwa sababu zina saini moja, ile namba ambayo Windows huitambulia diski, na Windows inaweza kuibadilisha ya mojawapo.

Mpango ulikwenda vizuri miezi mitatu ya kwanza, nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Halafu siku ya pili baada ya zamu nikaitwa mapokezi ya maabara. Mzee mmoja wa Ujiji alikuwa amekuja kufuatilia figo, daktari anataka majibu ya mwezi uliopita ayalinganishe, na mashine inasema mgonjwa huyo haijawahi kumwona. Bila shaka haijamwona. Majibu yake yalikuwa kwenye diski A, na A iko kabatini. Mimi nilikuwa nimefikiria kuwaka kwa mashine, nikasahau kuwa watu wanakaa humo.

"Fundi," mkuu wa maabara aliniambia kwa upole ulionichoma kuliko ukali, "umetutengenezea mashine mbili zenye kumbukumbu nusu nusu."

Dawa yake ilikuwa rahisi ila inataka nidhamu. Siku ya zamu, kabla ya kuzima, majibu yote yanatolewa kwenda kwenye kompyuta ya maabara, kanzidata ya mashine inanakiliwa, kisha inarudishwa kwenye diski inayoingia. Inaongeza kama dakika arobaini. Nahamisha kwa fleshi moja ya bluu ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote duniani, na kila safari inapita kwanza kwenye Linux kukaguliwa. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, hivyo mashine hizi sizigusishi kabisa na mtandao. Fleshi ndiyo mlango pekee uliobaki. Kwenye diski moja nilikuta Conficker, kirusi cha mwaka 2008, kimekaa kwa raha kama mpangaji wa siku nyingi. Kama ningekloni bila kuangalia ningekuwa nimekitunzia akiba nacho.

Kisa kilichonidhalilisha zaidi lakini ni cha betri. Siku ya zamu naingiza B, skrini ya bluu, msimbo unaoishia na 7B, yaani Windows haiifikii diski ya kuwashia. Narudisha A iliyokuwa ikifanya kazi dakika kumi zilizopita: bluu, 7B. Jasho likanitoka. Nikawaza nimeua diski mbili kwa mkono wangu, labda umeme tuli, labda waya. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia mkuu wa maabara nilipoona kwenye kona ya BIOS, ile programu ya bodi inayoamsha mashine kabla ya Windows, saa inasoma Januari mosi ya mwaka wa zamani sana. Betri ya bodi, ile CR2032 bapa kama sarafu, ilikuwa imekwisha. Kwa kuwa mashine ilikuwa haichomolewi ukutani, hakuna aliyejua. Mimi nilipochomoa waya wa umeme ili nibadilishe diski kwa usalama, BIOS ikasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, ambako diski za SATA, zile za waya mwembamba, zinaendeshwa kwa mtindo mpya unaoitwa AHCI. Windows XP haina kiendeshi cha AHCI cha kuzaliwa nacho, yaani programu ya kuongea na diski kwa mtindo huo, inataka ule mtindo wa zamani wa IDE. Nikabadilisha mstari mmoja, mashine ikawaka kama haijawahi kuumwa. Betri nilinunua kwa fundi saa sokoni. Sasa kila kasha la diski lina karatasi yenye picha ya mipangilio ya BIOS, na betri hubadilishwa kabla haijajidai.

Kuhusu utunzaji, joto na unyevu wa huku ziwani si wa kupuuzwa. Kila diski iko kwenye mfuko wake wa kijivu wa kuzuia umeme tuli, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko mgumu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na vitendanishi, zile kemikali za kupimia. Kwenye mashine ya biokemia nimeweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kwa sababu mtikisiko wa sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, iliyo meza moja nayo ulikuwa hauisaidii diski ya kuzunguka. SSD nayo haipendi kusahauliwa kabatini: kiwango cha JEDEC, chama kinachoweka viwango vya vifaa vya elektroniki, kwa zile za matumizi ya kawaida, zikiwa zimekwisha kuchoka, ni kutunza data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi joto 30, na kabati langu mchana wa Septemba hupita hapo. Zamu ya miezi mitatu inanimalizia wasiwasi huo bila kazi ya ziada.

Faida moja sikuipangia. Mwaka juzi mashine ya FBP ilibidi isafiri kwenda Dar kwa matengenezo ya pampu. Zamani ilikuwa inaondoka na kila kilichomo, majina ya wagonjwa, umri, majibu, mpaka vipimo ambavyo mtu hamwambii hata mkewe. Kuna karakana iliwahi kuturudishia mashine ikiwa na diski nyingine kabisa, na ile yetu hakuna aliyejua ilikoishia. Safari hii nilitoa A na B, nikaweka diski ya tatu yenye programu na tarakimu za mashine lakini kanzidata tupu. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika, nikiulizwa na uongozi kwa nini natumia fedha kwa diski ya tatu, sina hotuba ndefu.

Iliyobaki inanikosesha raha ni spektrofotomita ya zamani, kifaa cha kupima mwanga unaopita kwenye sampuli. Diski yake ni ya IDE, ile ndogo ya pini 44, na mpya hazipatikani tena. Zilizotumika nilizonunua, mbili kati ya tatu zilikuwa na sekta zilizokufa hata kabla sijazifunga. Nimeagiza adapta ya kuwekea kadi ya CompactFlash, ile ya kamera za zamani, mahali pa diski. Imeji ninayo tayari. Mzigo ulitoka Kariakoo jana, na kijana wa basi kanipigia asubuhi hii kusema wameshapita Tabora.