Sange, Soksi na Sifuri Zangu za Arabuko-Sokoke

Aliyeniambia "asiyeonekana mwandikie sifuri, hesabu iende" alinipotezea msimu mzima wa kumtafuta mnyama msituni kwa kamera. Nami, mwanafunzi mtiifu, nikaandika. Jedwali langu la kwanza lilikuwa sifuri juu ya sifuri, kama tasbihi.

Nilikuwa namtafuta sange wa Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya, yule mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama wa nusu kilo na ushei anayefukua majani makavu kutafuta wadudu. Kamera za kutegea, zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita, nilizifunga usawa wa goti, kama nilivyoona watu wakitegea paa. Nikarudi na maelfu ya picha za jani moja likichezeshwa na upepo. Sange hamna, na kiota chake kilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mzee anayetuongoza msituni akanitazama, akasema, "Mwanangu, hii kamera yako inamngoja ndovu." Ndovu nao wakaja kweli, wakang'oa mbili.

Nikazishusha, sentimita ishirini hivi kutoka ardhini. Sasa nitajuaje kama zinamnasa? Nikafunga ndala kwa kamba, nikaiburuta mbele ya kamera. Kimya. Nikaburuta tena, mzee akacheka mpaka akaketi. Ndipo nikakumbuka kwamba kamera hizi hazishtuki kwa mwendo mtupu, zinashtuka kwa joto linalopita. Nikamimina chai ya moto kwenye kichupa, nikakivisha soksi, nikaburuta. Taa ikawaka! Tukashinda tunaburuta soksi, kituo hadi kituo, na palipogoma tukahamisha kamera. Fanya asubuhi lakini. Jua la Kilifi likishapanda, soksi na ardhi joto lake ni moja, kamera haitofautishi.

Sifuri za yule bwana nikaachana nazo. Modeli ya MacKenzie na wenzake ya mwaka 2002, yaani njia ya kitakwimu ya kukadiria mnyama yuko wapi, hutenganisha maswali mawili: sange yupo hapa? Na kama yupo, kuna uwezekano gani wa kamera kumnasa? La pili halijibiki kwa kutazama mara moja tu, ndiyo maana mwezi wangu niliukata vipande sita vya siku tano tano. Tuseme uwezekano wa kumnasa katika kipande kimoja ni 0.3. Wa kumkosa katika vyote sita ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara sita, kama 0.12. Yaani katika vituo 100 vyenye sange, 12 hivi ningeviandika vitupu, na kuapa ningeapa.

Programu ya R, ya kupigia hesabu hizi kwenye kompyuta, ni bure. Kilichonila ni betri na bodaboda, elfu kadhaa, nimeacha kuhesabu.

Halafu zile siku ambazo kamera ilikuwa imeng'olewa, acha nafasi wazi, usitie sifuri. Mimi nilitia, modeli ikanijibu kwamba sange wanachukia mahali wapitapo ndovu. Nikaandika kurasa mbili nzima kueleza kwa nini, nzuri, za kitaalamu. Nilizifuta usiku huohuo nilipogundua.