Dada kajikuta kwenye riwaya yangu, tena kwa mtu siye

Ujue watu wanadhani ukiwa mwandishi wa riwaya kazi yako ni kutunga, kumbe nusu nzima ni wizi, tena unawaibia watu wako mwenyewe. Mimi huku ughaibuni nina miaka 11, napiga shifti za usiku ghalani, na riwaya yangu karibu yote nimeiandika kwenye simu ndani ya basi la alfajiri, vidole vimekufa ganzi, siti ya mbele mtu kalala mdomo wazi.

Malighafi yangu kubwa ni voisi za WhatsApp. Dada akinitumia voisi ya dakika 6, kama 4 hivi ni za kuaga. "Haya mdogo wangu, basi ndo hivyo, haya... ah! Nilikuwa nasahau," hapo sasa ndo anaanza habari yenyewe. Nairudia mara tatu nne, wala siyo kwa ajili ya habari, naitaka ile "ah" tu. Nilivyokuwa naishi naye nyumba moja sikuwahi kuisikia, yaani ilibidi nipande ndege kwanza.

Ndo maana wanaosema ukikaa nje Kiswahili kinakukimbia siwaelewi. Mwandishi Kezilahabi alikuwa anafundisha Botswana, mwenzake Said Ahmed Mohamed kafundisha miaka mingi Bayreuth kule Ujerumani, na wote wawili waliendelea kutoa vitabu vya Kiswahili wakiwa hukohuko. Mwandishi Gurnah aliondoka Zanzibar bado kijana, anaandika Kiingereza na Nobel ya fasihi ya 2021 kaibeba, ila msome uone kama husikii watu wa pwani wakiongea. Mimi nawasoma polepole, kama fundi anayefungua redio iliyotengenezwa na mwenzake aone waya upi umepelekwa wapi. Na kusoma kwa raha nako kumenipotea hivyohivyo, hiyo ni hasara, sidanganyi.

Basi ile "ah" nikampa mhusika mmoja, mzee fundi saa, hana mke hana mtoto, nikajua hapo dada hajijui ng'o. Halafu kuna Zuhura. Zuhura kila ukitokea msiba anatuma hela haraka sana, kabla hajaulizwa kama anakuja. Huyo ni mimi. Baba alipofariki sikwenda, makaratasi yalikuwa hayajakamilika, hilo kila mtu nyumbani analijua, wasilolijua ni kwamba yalipokamilika nilikaa miezi 8 mingine ndo nikakata tiketi.

Dada kasoma. Kimya siku mbili. Kisha voisi, sekunde 9: "Kwahiyo Zuhura ndo mimi? Ndo unavyoniona?" Kumbe na yeye siku ile ya msiba kuna mahali hakufika, mpaka leo hajaniambia ni wapi. Fundi saa eti alimchekesha mno, kasema ni baba mdogo mtupu.

Nikaandika "dada, Zuhura ni mimi," nikaiangalia, basi likapita vituo viwili, nikafuta, nikaandika "ni hadithi tu dada."

Wiki iliyofuata akatuma voisi ya kawaida, habari za watoto, mvua, bei ya vitu. "Haya mdogo wangu, basi ndo hivyo, haya..." Nikabana simu sikioni nikisubiria ile "ah". Ikakatika hapohapo.