Jumanne saa nne asubuhi, chapeli ya Louisville

Kutoka Nashville hadi Louisville ni barabara moja tu, I-65, inayopanda kaskazini kupita Tennessee hadi Kentucky. Njiani saa inabadilika: Nashville wako nyuma kwa saa nzima, na abiria asiyejua hushuka akidhani basi limechelewa. Mdogo wangu alikuwa kituoni, macho mekundu, ametoka kazini moja kwa moja. Anafanya zamu ya usiku, kupanga vifurushi kwenye maghala ya uwanja wa ndege. Kazi hiyo wanaifanya wageni wengi wa mji ule, wakiwamo Wakongo na Warundi waliowahi kuishi kwenye makambi ya Kigoma.

"Kaka, pumzika kwanza," alisema. Nikamjibu nitapumzika, lakini Jumanne saa nne asubuhi nataka niwe kwenye ibada, chapeli ya seminari.

Sisi Wabaptisti wa Rungwe ni matunda ya kazi ya wamisionari wa Southern Baptist, dhehebu la Wabaptisti la Marekani, walioingia Kenya na Tanganyika mwaka 1956, na wamisionari wengi wa dhehebu hilo walisomea uchungaji katika seminari iliyoko Louisville. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni ya moyoni. Mchungaji wa kijijini huhubiri mwaka mzima na hana wa kumhubiria. Jumapili asubuhi yuko mtaa huu, mchana mtaa ule, katikati ya wiki yuko msibani. Waumini wangu wananiombea, Mungu awabariki. Lakini kukaa kwenye benchi na Biblia magotini, bila kuwaza nitasema nini baadaye, nilikuwa nimekukosa kwa muda mrefu sana.

Seminari iko Lexington Road, majengo ya matofali mekundu kwenye nyasi pana, na chapeli yenyewe ina mnara mweupe unaouona kutoka mbali. Wanafunzi waliingia na mabegi mgongoni, wengine na wake zao na watoto wachanga. Wimbo ulipoanza walisimama wote, na sauti za kiume zilijaa mle ndani hadi benchi nililolishika likawa linatetemeka. Kijana wa kushoto kwangu aliimba amefumba macho, kitabu cha nyimbo kimefungwa mkononi.

Mhubiri alisoma 1 Wafalme 19, Eliya chini ya mretemu akijiombea afe. Habari ile nimeihubiri mara nyingi, na siku zote nimekimbilia mlima Horebu, kwenye upepo na tetemeko na ile sauti ndogo ya utulivu. Mhubiri huyu hakukimbia. Alikaa pale pale jangwani, kwenye mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Angalieni mpangilio, alisema. Eliya amelala, ameamshwa, amekula, amelala tena, ameamshwa tena, amekula tena. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" linakuja baada ya hayo yote. Mungu hakuanza na kumhoji mtumishi aliyechoka, alimlisha kwanza. Kisha mhubiri akarudia maneno ya malaika, kwamba safari hii ni kubwa mno kwako, akatuomba tukae kimya kidogo. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

Baada ya ibada nilizunguka na mwanafunzi mmoja mwenyeji, naye akanisimulia mambo ya mwanzo wa seminari. Kabla ya kuhamia Louisville, ilifunguliwa mwaka 1859 huko Greenville, South Carolina, ikiwa na walimu wanne na wanafunzi 26. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliifunga. Ilipofunguliwa tena mwaka 1865 walirudi wanafunzi saba tu, na darasa la kuhubiri la John Broadus, mmoja wa walimu wale wanne, likabaki na mwanafunzi mmoja, naye alikuwa kipofu. Kwa kuwa hakuweza kusoma vitabu, ilibidi Broadus aandae kila somo kwa ukamilifu, ili mtu yule aelewe kwa kusikia peke yake. Masomo hayo yakawa msingi wa kitabu chake cha mwaka 1870, kilichofundisha wahubiri vizazi na vizazi. Walimu wale walikuwa hawana fedha, na Broadus aliwaambia wenzake kwamba huenda seminari ikafa, lakini wao waazimie kufa kwanza.

Nilipenda habari hiyo, na bado naipenda. Ila haiwezi kusimuliwa nusu. Walimu wale wanne walimiliki watumwa, zaidi ya 50 wakijumlishwa. Seminari yenyewe ilitoa ripoti ya wazi juu ya jambo hilo mwaka 2018. Na katika chapeli niliyokaa mimi, tarehe 19 Aprili 1961, alisimama Martin Luther King, mchungaji Mbaptisti na mpigania haki za watu weusi, akahutubia. Makanisa kadhaa ya kusini yalikasirika yakazuia sadaka zao. Nilirudi peke yangu ndani, nikasimama mbele ya mimbari ile muda mrefu, mimi Mwafrika niliyeletewa Injili na watoto wa kanisa hilohilo. Niliomba toba kwa ajili yao waliotangulia, kisha nikashukuru. Sioni kwamba moja linafuta lingine.

Broadus na mwenzake James Boyce wamezikwa makaburi ya Cave Hill, si mbali na pale, na Muhammad Ali naye amezikwa humo humo. Mdogo wangu alinipitisha kwa gari.

Jioni ndugu Wakongo walitukaribisha kwenye maombi, sebuleni kwa mama mmoja wa Uvira. "Bwana asifiwe, Mchungaji, tupe neno," aliniambia mzee wao. Tulikuwa wachache, watoto wamelala kwenye mkeka, baba mmoja amekaa karibu na mlango amevaa tayari viatu vya kazi kwa sababu zamu yake inaanza usiku. Zamani ningetoa salamu fupi nikakaa. Safari hii nilifungua Eliya, nikawahubiria mwanzo hadi mwisho kama nipo mbele ya mkutano wa jimbo. Yule baba alichelewa kidogo kuondoka. Alipokuwa anafunga koti aliniambia, "Papa, miaka yote hii nahesabu usingizi kuwa uvivu." Tukamwekea mikono, tukamwombea, akaenda.

Nimeshazungumza na wachungaji wenzangu wa Rungwe kwa simu. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi tutakutana Tukuyu. Mmoja atahubiri, sisi wengine tutakaa kwenye mabenchi, na kina mama wa kanisa la mjini wameahidi chai na ndizi za kuchemsha kabla ya neno.