Mfumo Endeshi Uchaguliwe kwa Kompyuta ya Mwanafunzi

Anayetengeneza programu za kufundishia hapa Nairobi hana budi kuanza na kompyuta zilizomo katika maabara ya shule, wala si na kipakatalishi chake mwenyewe. Katika shule ninazozihudumia, nyingi ni za mitumba, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 au 4. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ambayo mashine nyingi za zamani hazina, kwa hiyo mwalimu mkuu huambiwa anunue kompyuta mpya ilhali hata madawati hayatoshi. Mimi humshauri aweke Debian, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, yenye sura nyepesi ya Xfce, mradi kichakataji kikaguliwe kwanza kama ni cha biti 64, kwa sababu Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32.

Mazoezi yenyewe mimi huyaandika kwa HTML na JavaScript, lugha za kurasa za wavuti, kwa kuwa hufunguka katika kivinjari cha Linux, cha Windows na cha vishikwambi vya Android bila kuandikwa upya. Kompyuta moja huwa seva, ikiendeshwa kwa programu ya lugha ya Python, na zile nyingine huifikia kupitia mtandao wa ndani hata bando likiisha. Electron, zana ya kugeuza kurasa za wavuti ziwe programu za kompyuta, naiepuka, maana kila programu yake hubeba kivinjari kizima ndani yake, na kumbukumbu ya gigabaiti 2 haistahimili mzigo huo. Alama za wanafunzi hukaa katika hifadhidata ya SQLite, yaani faili moja tu ambayo mwalimu anaweza kuinakili kwenye flashi.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni kuijaribu kila zana kwa Kiswahili chenyewe. Mtoto wa Gredi ya Nne akiandika "ng'ombe", ritifaa yake, yaani kile kialama baada ya "ng", inaweza kuwa ile iliyonyooka au ile iliyopinda. Kwa kompyuta, hizo ni alama mbili tofauti, na mtoto aliyejibu sawasawa huwekewa mkasi. Hilo huniuma sana, kwa sababu mtoto huamini kwamba kompyuta haikosei. Isitoshe, ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofunga matini katika SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, hivyo jibu likipachikwa moja kwa moja ndani ya amri, amri yote huvunjika. Kwa hiyo huzigeuza ritifaa zote ziwe za aina moja kabla ya kusahihisha, na majibu huyapeleka kwenye hifadhidata kama vigezo, kamwe si kama sehemu ya amri.