Herufi moja kwenye muhtasari

Ilikuwa Tukuyu, mwaka 2014, kwenye kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba tulisogeza mabenchi hadi mezani ili tusikilizane. Nilikuwa katibu. Kwenye daftari la muhtasari niliandika: "Mweka hazina haaminiki."

Chanzo kilikuwa shilingi 20,000. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu wasio viongozi, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu mwingine. Kabla ya kulifunga, salio hutangazwa kwa sauti na kila mtu hulikariri. Kikao kinachofuata huanza kwa kulitaja, ndipo wahesabu fedha wamwage noti mezani. Siku ile sote tulitaja 212,000 za mfuko wa jamii, yaani fedha za kusaidiana wakati wa shida. Zilihesabiwa 192,000. Wakarudia, zikawa zilezile.

Mama mmoja akasema, "Mimi nina wasiwasi." Kijana akasema hesabu inatia shaka. Mwingine akasema kuna mtu anamshuku, hakumtaja. Hayo yote nikayafunga kwa lile neno moja.

Muhtasari uliposomwa, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hilo 'haaminiki' amelisema nani?"

Hakuna aliyelisema.

Akatuchambulia pale pale, na tangu siku hiyo sijaandika muhtasari bila kuyapima maneno haya. Wasiwasi unakaa moyoni mwa aliye nao. Asili yake ni neno la Kiarabu la kunong'ona, na haumgusi mwingine. Shaka inakaa kwenye jambo, na hapa viambishi vina kazi: jambo hutia shaka, mtu hulitilia shaka. Ukiandika "mwanachama anatia shaka" badala ya "anatilia shaka hesabu", umemgeuza mwulizaji kuwa ndiye wa kuchunguzwa. Kosa hili nimeliona kwenye mihtasari mingi mno. Ukiweka wingi, mashaka, uwe mwangalifu zaidi, maana ni pia taabu: "mama yule ana mashaka" huenda ana njaa tu. Kushuku kumeshampata mtu, ila bado ni dhana ya anayeshuku. Kutuhumu ni kuitamka dhana hiyo, na aliyetuhumiwa ana haki ya kujibu kabla kikao hakijafungwa.

Kisha akafika kwenye neno langu. Haaminiwi, kwa w, ni tendo la watu: wapo wasiomwamini, na kesho wanaweza kumwamini. Haaminiki, kwa k, huihamishia kasoro kwake: ndivyo alivyo, hata fedha zingehesabiwa na nani. Na "si mwaminifu" ni zito kuliko yote, maana hapo umeshahukumu tabia, na kwa mke au mume watu wataelewa jambo jingine kabisa. Ndiyo maana Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 53A, inazungumzia kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Imani ni ya anayeamini, na anayeikosa ndiye hutamka kwamba hana. Amini, imani, amana, mwaminifu: shina ni moja, na mweka hazina ndiye aliyeshika amana. Ukikosea herufi kwenye maneno ya ukoo huu, unamkosea mtu.

Tukakubaliana maneno mapya: "Wanachama wametilia shaka salio la mfuko wa jamii, hesabu ya kikao kilichopita ihakikiwe." Hapo hakuna jina la mtu, na kazi ya kufanya imetajwa.

Tulipoanza kuhakiki, mshika ufunguo mmoja akainuka. Kikao kilichopita salio lilishatangazwa, watu wakaanza kuondoka kuwahi mvua, ndipo taarifa ya msiba ikafika. Sanduku lilikuwa bado wazi. Zikatolewa 20,000 za rambirambi, kufuli zikafungwa, na salio halikutangazwa upya wala malipo hayakuandikwa. Aliyepokea bahasha akathibitisha. Hesabu ilikuwa sawa. Kilichokosewa ni tarakimu tuliyoikariri. Tukaweka kanuni kwamba fedha yoyote ikitoka baada ya tangazo, salio linatangazwa tena mbele ya waliobaki, na kufuli hazifungwi kabla ya hapo.

Ikabaki sentensi yangu. Kwenye daftari la kikundi hatufuti wala hatuchani ukurasa: unapigwa mstari mmoja, neno linabaki likisomeka, na saini inawekwa pembeni. Mweka hazina akaomba kalamu. "Nipe, mwanangu, nipige mwenyewe." Akaupiga taratibu, umenyooka kama wa rula, akatia saini, akanirudishia kalamu bila neno jingine.