Nakshi za cherehani ya Shangazi

Kwenye cherehani ya Shangazi, jina la SINGER lilikuwa limebaki herufi tatu za kusomeka na tatu za kubahatisha. Kitakoni, pale nguo inapopita kuelekea kwenye sindano, hapakuwa na dhahabu ya nakshi hata chembe. Karibu na sindano yenyewe hata rangi nyeusi imeliwa, chuma kinang'aa kama kijiko. Ameshonea hapo sare za shule tangu sijazaliwa, na Tabora ni mji wa shule: Wavulana, Wasichana, Milambo, Kazima, ukiacha za msingi. Ikifika Januari, baraza lake la Isevya halina pa kukanyaga kwa kaptula na sketi.

Mwaka huu akaniambia anataka maua ya cherehani yake yarudi. Nikamwambia wako watu wanaopenda mashine ibaki na uchakavu wake, kwamba ule uchakavu ndiyo historia.

"Historia yake ninayo mimi mgongoni, mwanangu. Nataka maua."

Nimelifikiria sana jibu hilo na ninamuunga mkono. Anayesifia uchakavu mara nyingi si yeye aliyeinamia hiyo mashine usiku mteja akisubiri. Aliyeichakaza kwa kazi ana haki ya kuiona imependeza. Sharti langu lilikuwa moja tu: yarudi maua yake, yasiwe maua ya mashine nyingine.

Na hapo ndipo kazi ilipo. Ukitafuta mtandaoni utakuta seti za nakshi za Singer zinauzwa, nzuri za kutamanisha. Kuna ile ya Sphinx, kiumbe wa Misri mwenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, iliyokuwa ikipambwa kwenye aina ya 27 na 127. Kuna ile ya macho mekundu, ya aina ya 66 za Marekani. Kumbandikia Shangazi Sphinx kungekuwa rahisi, na majirani wangesifu. Lakini yake ni aina ya 15K. Hiyo K inamaanisha imetoka Kilbowie, kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa 1980. Nimefurahi kujua kwamba mpaka leo pale Clydebank kuna stesheni ya treni inayoitwa Singer. Kwa mtu wa Tabora, mji ambao reli yake inagawanyika moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza, jambo la stesheni halipiti hivihivi.

Umri wa cherehani ulisemwa na beji ya shaba iliyo ubavuni. Beji haifutiki kama nakshi, imepigiliwa. Ina ukingo wa buluu na miaka 1851–1951, ile waliyotoa kuadhimisha miaka 100 ya kampuni. Kwa hiyo nilijua ni mashine ya miaka hiyo, na sikupaswa kuangalia michoro ya enzi za Mjerumani.

Sasa maua yenyewe nitayaona wapi, na yamefutika? Hapa ndipo nilipoipenda hii kazi. Singer walikuwa wanapaka chuma rangi nyeusi yenye lami, wanaioka kwenye tanuri, wanabandika nakshi, halafu wanafunika yote kwa vanishi angavu. Palipokuwa na nakshi pamekingwa, pembeni yake pamesuguliwa. Nikafunga dirisha, nikailaza tochi ya simu ubavuni kabisa, karibu iguse chuma. Weusi ukagawanyika. Kuna weusi wenye mng'ao na weusi uliofifia, na kwenye mpaka wake nikaanza kuona ukingo wa jani, kikonyo kinachopinda, kisha mistari miwili myembamba inayokwenda sambamba mpaka kwenye kona. Ukiinua tochi kidogo tu, vyote vinapotea. Nilimwita Shangazi aje aone. Akapitisha kidole juu ya kile kikonyo bila kugusa, akasema, "Ndiyo haya. Yalikuwa yanaishia na kitu kama komamanga."

Nililaza karatasi inayopitisha mwanga, nikafuatisha kwa penseli ngumu. Upande wa kushoto wa kitako ulikuwa na mengi, kwa sababu mkono wa fundi haukai sana huko, na nakshi za kitakoni zimepangwa pande mbili zikitazamana. Ua la kushoto ukiligeuza unalipata la kulia. Herufi hazigeuziki, hizo nilizipata mgongoni mwa mkono wa juu wa mashine, palipoandikwa THE SINGER MANFG. CO., ambapo nguo haifiki. Picha nilipiga nikiwa nimeweka rula kando, ili vipimo visidanganye, kisha nikachora upya kwenye kompyuta kwa Inkscape, programu ya bure.

Kuchapa kulikuwa na vita vyake. Printa za kawaida hazina wino wa dhahabu. Zinaigiza kwa nukta za njano na kahawia. Kwenye karatasi nyeupe unavutia. Ukiuhamishia kwenye chuma cheusi unatoweka, kwa sababu wino huo unapitisha mwanga na printa haina nyeupe ya kuweka chini yake. Stika ya dhahabu inayokatwa kwa mashine nayo haikufaa: inang'aa kama kioo, na mistari myembamba inachanika wakati wa kubandua.

Jibu lilikuwa kwa kijana anayechapa fulana, karibu na soko. Yeye hutumia fremu yenye kitambaa kilichowambwa, wino unasukumwa kwa mpira ukapita pale tu palipoachwa wazi. Nikamwomba awambe kitambaa chenye matundu madogo kuliko anachotumia kwa fulana, la sivyo vikonyo vingezibana. Dhahabu ya kopo tuliipunguza ukali kwa tone la kahawia, kwa sababu dhahabu iliyobaki mgongoni imelala chini ya vanishi iliyogeuka manjano kwa umri, na mpya ingepiga kelele pembeni yake. Tulichapa juu ya karatasi maalumu yenye gundi ya maji, iliyokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ikikauka unaipaka vanishi, unaikata kwa kufuata mchoro, unailowesha kwenye maji ya uvuguvugu, na baada ya muda mchoro unaanza kuteleza wenyewe juu ya karatasi.

Kubandika kitakoni ni starehe, pamenyooka. Mkono wa juu ni mviringo na herufi zimepangwa kwa upinde, kwa hiyo nilianzia katikati, kwenye N, nikasukuma maji kwenda pande zote mbili kwa pamba.

Niseme na hili kwa wenye cherehani za mama na bibi zao: msizisafishe kwa spiriti wala thina. Vanishi ya zamani inayeyuka kwa spiriti, dhahabu inageuka rangi ya fedha, na mfuto unaofuata inaondoka moja kwa moja. Nimeona vichwa vya cherehani vizuri sana vilivyoharibiwa hivyo kwa nia njema. Mafuta ya cherehani na kitambaa laini vinatosha. Uchafu ukigoma, paka mafuta uache usiku kucha.

Shangazi alitaka hata pale mbele, nguo inapopita, pabandikwe. Nikamweleza kwamba patafutika tena. Akasema anajua, na kwamba safari hii atapafuta taratibu. Nimeongeza vanishi hapo na nimemwomba asishone kaki mpaka ikomae.

Kimebaki kitu kimoja. Lile komamanga la kwenye kona limesuguliwa kulia na kushoto, tochi haikuonyesha kitu. Ningeweza kulichora kwa maelezo ya Shangazi na hakuna ambaye angegundua, lakini nimeliacha. Kona zote mbili ni nyeusi, mistari inafika hapo na kukatika. Kama nyumbani kwenu kuna 15K yenye beji ya ukingo wa buluu na kona ambayo haijaguswa, naomba picha iliyopigwa kutoka juu, na rula kando yake. Fremu bado iko kwa kijana wa fulana, na wino umebaki nusu kopo.